Nani Ataka Kuwa Kitunda?

Muhula huu wanafunzi wetu walicheza "Kinjeketile", mchezo wa kuigiza ulioandikwa na Ebrahim Hussein na kuchapishwa mwaka 1969, nami ndiye niliyepewa kazi ya kuwafundisha wachezaji. Siku ya kugawa sehemu niliuliza darasani nani ataka kuwa Kinjeketile, na mikono kumi na mmoja ikainuka mara moja. Nikauliza nani ataka kuwa Bwana Kinoo, msimamizi wa shamba la pamba, na mikono minne ikainuka, kwani vijana hupenda kuvaa kofia kubwa na kufoka. Nikauliza nani ataka kuwa Kitunda. Hakuna aliyeinua mkono, na mmoja aliyekaa nyuma akacheka.

Basi nikachagua mwenyewe. Nilimchagua kijana wa Kidato cha Tatu ambaye ana sauti nzuri na hasahau maneno upesi. Jioni ile akanifuata ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Una shida gani?"

"Mwalimu, naomba unibadilishie sehemu. Huyu Kitunda ni mtu wa kufuata nyuma tu."

Nikamwuliza amejuaje, naye hata kitabu hajakimaliza. Akanieleza, kwa adabu lakini bila woga, kwamba likizoni hutazama michezo ya televisheni nyumbani kwa mjomba wake, na humo msaidizi wa mheshimiwa ni mtu yule yule siku zote: hubeba mkoba, hupokea simu, hufungua mlango wa gari, husema "Ndiyo, Mheshimiwa", na mchezo ukikaribia kwisha hugunduliwa kwamba ndiye aliyekuwa akiiba fedha. Akasema wazazi wake watakuja kutazama, na hataki wadogo zake wamwone hivyo.

Siku ile sikumjibu vizuri. Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha, nikamwambia tu aende akasome mpaka mwisho. Haya ninayoandika sasa ni jibu lililonipasa kumpa, na kwa kuwa nadhani si yeye peke yake mwenye mawazo hayo, naomba nafasi katika gazeti letu nilitoe mbele ya wote.

Kijana hakukosea kabisa. Si televisheni tu inayomchora msaidizi wa mkubwa kwa namna hiyo. Wenzetu wa Kenya kwa miaka kadhaa walisomesha katika shule zao za sekondari mchezo uitwao "Kigogo", alioutunga Pauline Kea. Humo yumo Majoka, mtawala wa Sagamoyo, na yumo mshauri wake mkuu aitwaye Kenga. Majoka anafunga soko ambalo watu wanalitegemea kwa riziki yao, na Kenga yuko karibu naye, anamsifu na kumwunga mkono, huku akilitazama fungu lake mwenyewe. Umma unapogeuka, Kenga naye anageuka pamoja nao. Mtungaji amemchora vizuri sana, na mimi humsoma nikicheka na kukasirika pamoja. Lakini kama kijana atawaona akina Kenga peke yao, na katika televisheni akawaona tena, atafikiri kwamba katika dunia hii kuna mtu mmoja wa mbele mwenye kutenda, na nyuma yake kuna wapambe tu.

Katika maisha sivyo. Mwalimu Nyerere alikuwa na msaidizi wake, Bibi Joan Wicken, Mwingereza, aliyefanya kazi pamoja naye kwa zaidi ya miaka thelathini, na ambaye kabla ya hapo alishiriki kukianzisha Chuo cha Kivukoni kilichofunguliwa mwaka 1961. Niliwauliza wanafunzi wangu wa Kidato cha Nne habari zake. Katika darasa zima hakuna aliyepata kulisikia jina lake. Wala sishangai, kwani mwenyewe hakutafuta kujulikana. Na kwa upande wetu huu wa kusini, tazameni mji wa Songea. Umepewa jina la Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Yeye hakuwa mfalme wa Wangoni, alikuwa nduna, yaani mkubwa aliye chini ya Nkosi, mwenye kumshauri na kuongoza watu wake vitani. Nkosi wake alikuwa Mputa. Kila siku mabasi hupita hapa Igawa na kupinda Makambako kwenda katika mji wenye jina la nduna.

Sasa nije kwa Kitunda mwenyewe.

Kwanza yafaa ijulikane kwamba Kitunda ni mtu wa kubuni. Kinjeketile Ngwale aliishi kweli, huko Ngarambe, naye alinyongwa Mohoro mwezi wa Agosti mwaka 1905, wakati vita ya Maji Maji ndiyo kwanza imeanza. Mwandishi mwenyewe ameeleza katika kitabu chake kwamba Kinjeketile wa mchezo si yule wa historia moja kwa moja. Amemtunga upya ili aseme jambo lake. Na kwa maoni yangu, ili aweze kulisema jambo hilo, alimhitaji mtu wa pili wa kusimama karibu na Kinjeketile na kumwuliza maswali. Huyo ndiye Kitunda.

Mtazameni tangu mwanzo. Ni mkulima kama wengine, anatolewa shambani kwake kwenda kulima pamba ya Mjerumani. Binti yake Chausiku anachukuliwa kwa nguvu, naye baba mtu hawezi kitu. Kama kuna mtu mwenye haki ya kuwaka hasira na kukimbilia vita siku ile ile, ni yeye. Lakini Kitunda ni mtu wa kupima: tuna watu wangapi, tuna silaha gani, makabila yetu yanaaminiana kiasi gani? Kinjeketile anapotoka mtoni na maji yake, akawaunganisha Wamatumbi, Wazaramo, Wangindo na wengine ambao jana walikuwa wakitukanana, ni Kitunda anayepewa kazi ya kuwafundisha watu vita. Mmoja anatoa neno, na mwingine analigeuza neno kuwa safu za watu wenye mikuki. Kazi hii ya pili haina nyimbo. Mchezaji wangu alilalamika kwamba maneno yake mengi ni maswali na amri, hayana utamu. Ni kweli hayana.

Halafu inakuja ile sehemu ya mwisho, gerezani, ambayo ndiyo sababu hasa ya mimi kuandika. Watu wamekwisha kupigwa. Maji hayakuzuia risasi. Kinjeketile na Kitunda wamefungwa pamoja, na Wajerumani wanataka Kinjeketile atamke kwamba maji yale yalikuwa uongo. Kitunda anamsihi rafiki yake aseme. Kinjeketile anakataa, kwa sababu akisema hivyo, kesho Wajerumani watawaambia watoto wetu kwamba wazee wao walikosea kupigana. Neno limekwisha kuzaliwa, na yeye hawezi tena kulirudisha.

Hapo darasani huwa kuna kelele. Wanafunzi karibu wote humshika Kinjeketile mkono, na Kitunda humwita mwoga. Nami nakiri kwamba Kinjeketile ana hoja kubwa. Mwaka 1956 Mwalimu Nyerere aliposimama mbele ya Umoja wa Mataifa kudai uhuru wa Tanganyika aliitaja vita hiyo, miaka hamsini na mmoja baada ya kuanza. Kama mtu angelitangaza gerezani kwamba yote yalikuwa upuuzi, huenda ingekuwa vigumu kuitaja kwa heshima. Haya nayakubali.

Lakini simkubali anayesema Kitunda ni mwoga. Mwoga hufikiria ngozi yake. Kitunda anawafikiria watu ambao bado wako msituni, wamejipaka maji, na kesho asubuhi wataikabili tena bunduki kwa kifua wazi. Ngome ya Mahenge iliposhambuliwa mwishoni mwa Agosti 1905, watu waliikabili bombomu, ile bunduki inayotema risasi mfululizo, na walianguka kama mtama. Wanahistoria hawakubaliani juu ya hesabu ya waliokufa katika vita yote: wapo wanaosema 75,000, na wapo wanaofika hadi 300,000, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi bali kwa njaa, kwa sababu vyakula na mashamba yalichomwa moto. Katika mchezo ule Kinjeketile anawatazama wajukuu, Kitunda anawatazama walio hai. Mimi, mkinilazimisha kuchagua, nipo na Kitunda.

Hata hivyo anayo lawama moja, na hii tuliizungumza sana katika mazoezi, mpaka siku moja tukachelewa chakula cha jioni. Kijana wangu ndiye aliyeianzisha, naye wakati huo alikuwa amekwisha kusoma mpaka mwisho. Aliuliza: "Mwalimu, Kitunda alianza lini kujua?" Kwani yeye ndiye aliyekaa karibu na Kinjeketile kuliko wote. Yeye ndiye aliyeona mashaka usoni mwake. Mchezaji wa Kinjeketile akasema Kitunda hakujua mpaka risasi zilipolia. Msichana aliyecheza mke wa Kitunda akasema alijua zamani, ila hakutaka kujua. Wakanigeukia mimi niamue. Badala ya kuamua nikawapa habari ifuatayo, ambayo sijapata kumsimulia mtu yeyote katika shule hii, na sasa naiandika ili wazazi nao waijue.

Mwaka 1994, nikiwa Kidato cha Tatu katika shule moja ya bweni ambayo sitaitaja, nilikuwa katibu wa viranja. Kazi yangu hasa ilikuwa kumfuata Kaka Mkuu na daftari na kuandika anayoambiwa. Wali wa Jumapili ulikuwa umekatwa, tukala ugali na maharage siku zote saba, na wanafunzi walikuwa wamechukia. Tukaenda wawili kwa Mkuu wa Shule kupeleka ombi. Alitusikiliza, akasema, "Nitatazama." Nikaandika katika daftari: "Atatazama." Tukatoka.

Pale penye bomba wanafunzi walikuwa wametungoja, kama sitini hivi. Kaka Mkuu akasimama juu ya ukingo wa saruji akasema, "Amekubali. Jumapili wali." Wakampigia makofi, wakambeba.

Usiku nilimfuata bwenini. Nikamwambia, "Kaka, Mkuu hakusema hivyo." Hakunikemea. Alisema kwa upole, "Najua. Lakini ningewaambia 'atatazama', wangevunja vioo usiku huu huu. Waache walale. Kabla ya Jumapili nitamwona tena." Hakuwa mtu mbaya; alitaka shule itulie. Nami nikalala. Zilikuwa zimebaki siku sita, na katika siku hizo sita nilikutana na kila mwanafunzi wa shule ile, darasani, kwenye mstari wa chakula, kisimani, na kila nilipoulizwa, "Ati ni kweli wali?" nilitabasamu tu.

Jumapili yakaja maharage. Sufuria zilipinduliwa, vioo vya bwalo vikavunjwa vyote vya upande mmoja, na mwalimu wa zamu akapigwa jiwe la bega. Wanafunzi tisa walirudishwa kwao kwa mwezi mzima, na mtihani ulikuwa karibu. Mmoja wao nilikuwa nikikaa naye dawati moja. Baba yake alikuwa mkulima wa mpunga, alikuja kumchukua kwa miguu, wakaondoka wakibebana sanduku huku na huku. Yule mwenzangu hakurudi tena shuleni. Alikwenda machimboni Chunya.

Mimi na Kaka Mkuu hatukurudishwa. Tuliitwa mbele ya walimu, mmoja mmoja, na mimi nikaulizwa: "Mkuu aliwaambia nini siku ile?" Daftari lilikuwa sandukuni, na neno lenyewe lilikuwa ndani yake kwa mkono wangu. Nikasema sikumbuki.

Nilipomaliza kuwasimulia hayo, wachezaji walinyamaza. Nadhani waliona haya kwa ajili yangu, nami niliona haya pia, lakini sijutii kuwaambia. Wengi wenu, wanafunzi, hamtakuwa wakuu wa mikoa wala wabunge wala wakuu wa shule. Mtakuwa makatibu, makarani, wasaidizi, wahasibu, madereva, manaibu. Watu wanaokaa chumbani mkubwa anapoambiwa jambo, na wanaokuwapo penye bomba anapolisema kwa namna nyingine. Ndiyo maana nasema shule hufanya kosa inapomsifu Kinjeketile tu na kumpita Kitunda kana kwamba ni kiti cha jukwaani. Katika mitihani swali huja, "Eleza nafasi ya Kinjeketile." Muda wote niliofundisha sijaona swali linalouliza Kitunda angefanya nini siku ile alipoanza kuwa na mashaka, kabla ya Mahenge, wakati bado ziko siku sita.

Na msinielewe vibaya. Sisemi msaidizi apige mbiu sokoni kila mara mkubwa wake anapokosea; huyo hatadumu, wala hataaminiwa. Nasema kuna njia nyingi kati ya kupiga mbiu na kutabasamu. Ningeweza kumwambia Kaka Mkuu: nakupa mpaka Jumatano. Ningeweza kwenda naye tena kwa Mkuu siku ya pili asubuhi. Ningeweza kumwambia yule wa dawati moja, angalau yeye, asikae karibu na sufuria. Kitunda angalau alimwambia Kinjeketile ana kwa ana, ingawa wakati huo kamba ilikuwa karibu.

Mchezo ulichezwa bwaloni Jumamosi ya mwisho ya muhula. Wazazi walijaa mpaka wengine wakasimama madirishani, na mara mbili ilitubidi tungoje malori yapite barabarani ndipo wachezaji wasikike. Kinjeketile alicheza vizuri, alipigiwa makofi. Lakini katika ile sehemu ya gerezani niliona jambo ambalo sikulifundisha. Katika mazoezi Kitunda alikuwa akimsihi Kinjeketile kwa sauti kuu, akiwa amesimama. Usiku ule alipiga magoti, akasema maneno yake yote polepole, kama mtu anayeomba deni ambalo anajua halitalipwa. Watu wakanyamaza kabisa. Mdogo wake wa kike, aliyekaa mstari wa mbele, alilia.

Baada ya mchezo wazazi walikuja jukwaani. Shule yetu iko mahali pa pekee kwa habari hii, kwani hapa ni mpakani: ng'ambo ile ni Usangu, ng'ambo hii barabara inapanda kwenda Ubena, na watoto wa pande zote mbili hukaa benchi moja na kuteka maji ya mto mmoja wa Mbarali. Mwaka 1905 pande hizi hazikuwa pamoja. Wabena wengi waliinuka na kuishambulia misheni ya Yakobi karibu na Njombe mwezi wa Septemba. Merere wa Usangu alikuwa upande wa Wajerumani. Mzazi mmoja wa Njombe alimshika Kinjeketile mkono akasema bibi yake aliwasimulia juu ya maji yale. Kisha akaja mzee mmoja Msangu, mwenye fimbo, akampita Kinjeketile, akaenda moja kwa moja kwa Kitunda.

"Kijana, sisi hatukuyanywa," akamwambia. "Merere alikataa. Watu hubishana kama alifanya vema au vibaya, hayo mimi sitaki. Mimi nataka kujua ni nani alikuwa amekaa karibu naye siku ile, na alimwambia nini."

"Sijui, Babu," kijana akajibu.

"Basi uliza."

Ameanza kuuliza. Katika likizo hii atakwenda Utengule kwa baiskeli pamoja na mwenzake kutafuta wazee wenye habari za baraza la Merere, na nimempa daftari jipya. Mzazi yeyote aliyepata kusikia jambo lolote juu ya washauri wa Merere wakati wa vita ile, hata likiwa dogo, tafadhali na anipelekee habari shuleni, au amwambie mwanawe aniletee muhula utakapofunguliwa.